Kopo la Katikati ya Meza

9 Machi

Mwanangu, Bi Hadubini,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia na jibu langu litachukua wiki mbili kukufikia. Sisi hapa wazima. Bibi yako anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Mdogo wako amefeli mtihani wa udereva kwa mara ya tatu. Safari hii aliegesha gari vizuri mno, mistari yote ameifuata, ila aliliegesha kwenye nafasi ya mkuu wa trafiki. Yeye anasema ni bahati mbaya.

Usinipigie simu kuniuliza kwa nini nimeandika. Simu ni ya kuulizana uko wapi. Tangu ulipokuwa shule ya bweni mambo ya maana tumeambiana kwa barua, na sioni sababu ya kuacha eti kwa kuwa sasa unavaa koti jeupe.

Jambo lenyewe ni hili: nimeingia kwenye utafiti wenu. Ndiyo, huohuo wa dawa ya kulainisha ini. Tumeingia wawili, mimi na Mkasi. Humjui kwa jina lingine, nami nimeshalisahau. Miaka ishirini na mbili tunakaa meza moja, yeye anakata mimi nashona, na tukaja kuambiwa mwaka mmoja kwamba sote tuna homa ya ini sugu, kana kwamba hata ugonjwa tuligawana. Ini langu lina makovu, lake lina makovu zaidi. Mwaka jana macho yake yalikuwa ya njano kama futi yangu ya kupimia.

Tulipewa karatasi kurasa kumi na moja tusome ndipo tutie sahihi. Mimi nilisoma kumi za kwanza, nikachoka. Mkasi alifungua ukurasa wa mwisho tu, akausoma taratibu, akatia sahihi. Kila mtu akapewa chupa yake ya kapsuli, mbili kila asubuhi. Wanasema nusu yetu tumepewa dawa na nusu tumepewa unga mtupu, na hata daktari hajui nani kapewa nini. Mimi najua. Siku ya tatu tu viganja vyangu viliwaka moto, nikashindwa kushika pasi. Yangu ni dawa, mwanangu. Mkasi nikimwuliza anasikia nini mwilini, anasema anasikia redio.

Kula vizuri. Koti lako jeupe nitalishona mimi, hilo ulilovaa kwenye picha lina mabega ya mtu mwingine.

Shangazi yako

* * *

24 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaipokea mapema. Mimi mzima, nimehamia chumba chenye dirisha, na mwenye nyumba wangu ana kasuku anayekohoa. Mwambie mdogo wangu asikate tamaa, lakini pia asiendeshe.

Nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja. Siku niliyopata barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, nikamweleza kuwa shangazi yangu yumo kwenye utafiti. Ameniruhusu nibaki kwenye kazi yangu kwa masharti: nisijue namba yako, nisijue unavyojisikia, nisikushauri chochote kuhusu kapsuli. Barua zetu hatazisoma. Alisema, "Nakuamini," akarudi kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo habari ya viganja vya moto nimejifanya sikuisoma, na tafadhali usiniandikie nyingine ya namna hiyo.

Ngoja nikueleze kwa nini. Chumba chetu kina mashine mbili, friji linalonguruma na kiti kimoja kizima tunachokigombea watu watatu. Damu inakuja kutoka kliniki sita, kila mrija umeandikwa namba na herufi ya kliniki, basi. Sisi tunapima kiasi cha dawa kilichomo. Kwa hiyo tunajua namba ipi imepewa dawa na ipi imepewa unga, lakini hatujui namba hiyo ni nani. Daktari wako anajua wewe ni nani, lakini hajui umepewa nini. Ukuta huo uliopo katikati ndio utafiti wenyewe. Ukibomoka, kilichobaki ni watu kumeza vitu na kutumaini.

Zamani uliniuliza ini linaugua vipi. Fikiria kitambaa kilichotobolewa kila siku na kila siku kinatiwa kiraka, kiraka juu ya kiraka, mpaka kinakakamaa na hakifai kuvaliwa. Vidonge vyako vya kawaida vinamzuia anayetoboa, usiviache hata siku moja. Hii dawa mpya tunataka kuona kama inaweza kufumua viraka vya zamani. Nadhani inaweza. Sijawahi kuwa na uhakika hivi na kitu, na ndiyo maana naogopa kukiharibu.

Kuhusu baba na ini lake bado siwezi kuandika. Siku nikiweza utajua.

Mwanao

* * *

18 Mei

Bi Hadubini,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya sare za shule mbili, suruali mia na themanini, na wavulana wa siku hizi wana mapaja kama nguzo. Bibi yako ametolewa jino moja na sasa anataka yote yatolewe ili yalingane. Mdogo wako yuko vilevile.

Nimekuelewa. Sitakuambia namba wala ninavyojisikia. Nitakuambia habari za karakana tu, hizo hukunikataza.

Unaikumbuka sheria ya meza yetu? Ulikuwa na miaka sita unakaa chini yake ukiokota pini kwa sumaku. Tulipoanza tulikuwa na mkasi mmoja na cherehani moja, tukakubaliana kwamba chochote kinachoingia kinawekwa kwenye lile kopo la biskuti katikati ya meza, na kila mtu anachota sawa na mwenzake. Uzi, sindano, vifungo, hata peremende ulizokuwa unaiba. Hatujawahi kugombana kwa miaka ishirini na mbili, na sababu ni kopo.

Basi kopo lina wapangaji wapya. Sisemi ni akina nani. Vifungo nimevihamishia kwenye soksi. Asubuhi moja mwezi uliopita Mkasi alifika, hakusalimia, akalimwaga kopo vifungo vikatapakaa meza nzima, akalifuta kwa kipande cha kitambaa, akaliweka katikati likiwa tupu. Halafu akaniangalia. Nikaelewa palepale la kufanya. Yeye alimwaga tu, wazo ni langu, na ninajivunia. Anayestahili kupata atapata, na mwenzake hataachwa nyuma akitazama.

Niletee kipimo cha bega lako, kutoka shingoni hadi kwenye mfupa.

Shangazi yako

* * *

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bega langu ni sentimita kumi na tatu. Natumaini bibi hajambo na jino.

Hapa kazi ni nyingi. Mashine moja ilinisumbua, nikaifungua na kuisafisha mara tatu, kumbe haina tatizo.

Nina swali ambalo siruhusiwi kukuuliza. Vifungo bado viko kwenye soksi?

Mwanao

* * *

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua gani hii, mistari sita? Hata fundi wa maji huniandikia zaidi akija akakuta sipo. Unaumwa? Au kuna mwanamume? Kama kuna mwanamume, aandike yeye, nione mwandiko wake.

Bibi yako hajambo. Amebakiwa na meno manne na anayalinda kama askari. Mdogo wako amebadilisha mwalimu wa udereva, yule wa kwanza amepumzika kwa ushauri wa daktari.

Koti lako nimeshalikata. Kwa kweli amelikata Mkasi, nami nimelishona upande mmoja. Macho yake yameanza kuwa meupe. Hilo nimeliandika kama habari ya mfanyakazi mwenzangu, si habari ya kliniki.

Vifungo viko salama.

Shangazi yako

* * *

29 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sina mwanamume na siumwi. Nimeandika barua hii mara nne.

Kati ya mirija inayotoka kliniki yenu kuna miwili ya ajabu. Mwezi wa kwanza wa utafiti mmoja ulikuwa na dawa tele na mwingine haukuwa nayo hata chembe. Hiyo ni kawaida. Kuanzia mwezi wa tatu wa utafiti yote miwili ina dawa, lakini kwa vituko: mwezi huu huyu yuko juu na mwenzake chini, mwezi unaofuata wamebadilishana. Nililaumu mashine. Nikamlaumu mwenzangu wa zamu ya asubuhi, nikamwambia amechanganya mirija, akanuna wiki nzima, na alikuwa na haki. Kisha nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kizima nikakumbuka soksi.

Mmemimina chupa zote mbili kwenye kopo, mnachota mbili mbili kila asubuhi. Usinijibu kama ndivyo. Najua ndivyo.

Sijui wewe ni yupi kati ya hao wawili, sijui nani alianza na dawa na nani alianza na unga. Namba hazisemi, nami sitatafuta. Lakini kwa kukuandikia haya nimebomoa ukuta niliokula kiapo kuulinda, na hilo nalo nitalisema.

Najua ulichotaka kufanya. Ila sikiliza. Mko watu mia mbili na arobaini kwenye utafiti huu. Dawa ikionekana kushindwa kwa sababu waliohesabiwa kuwa wanaimeza wanaimeza nusu, itatupwa kabatini na hakuna atakayeitoa tena. Na ninyi wenyewe daktari anawapima bila kujua mnameza nini. Siku ini la mmoja wenu likishtuka hatajua kwa nini.

Jumatatu tarehe 20 Agosti, saa mbili asubuhi, nitaingia ofisini kwa mkuu wetu na kumweleza. Nakuomba uende kliniki kabla ya hapo, useme mwenyewe. Wanaweza kuwatoa kwenye utafiti, sitakuficha. Naomba uende hivyohivyo.

Mwanao

* * *

11 Agosti

Wewe,

Salamu utazipata kwa bibi yako.

Kwa hiyo sumaku niliyokupa uokotee pini umeigeuza ya kuniokota mimi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, haikubadilika.

Sasa nami nitakuambia usilotaka kuandika. Baba yako alipoanza kujaa maji tumboni nilikuwa nakaa naye kila siku baada ya kazi. Kaka yangu wa pekee. Ngozi imekauka, tumbo limevimba, anatania kwamba tuone kama atajifungua mvulana. Nilikuwa tayari kumpa chochote. Damu, figo, ini lenyewe kama wangeweza kulikata kwa mkasi. Daktari akasema hakuna dawa ya kumpa. Unajua maana yake kwa mtu kama mimi? Kukaa mezani na mtu unayempenda na kopo likawa tupu?

Halafu miaka inapita, napewa chupa yenye dawa ndani, najua ni dawa, viganja vyangu vimeniambia, na mwenzangu wa miaka ishirini na mbili anakaa mbele yangu anameza unga wa ugali huku macho yake ni ya njano. Ulitaka nimeze nikimtazama? Mimi? Ulilelewa na nani?

Watatutoa, umesema. Mkasi akitolewa na ini lile, nani atajibu? Hesabu zako?

Nenda kaseme. Una miguu. Mimi siendi popote, nina suruali za kupindia. Na usiniandikie tena mpaka nikuandikie.

* * *

21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Umenikataza kuandika, nami naandika hii moja tu.

Jana nimesema. Ofisi yake ina meza ya kioo na mmea uliokufa ambao hakuna anayethubutu kuutoa. Nilieleza yote: kopo, soksi, na kwamba nilikuandikia. Kisha akauliza, "Shangazi yako ana umri gani?" Nikasema hamsini na nane. Akasema, "Na hakuna hata mmoja wetu mwenye digrii tatu aliyefikiria kuwauliza watu kama wanakaa meza moja." Kisha akaniondoa kwenye mashine. Sasa napanga majalada kwenye chumba cha chini mpaka kamati ikae.

Baba. Haya. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimsikia daktari akikuambia hakuna dawa, nilikuwa nyuma ya mlango. Nikadhani maana yake ni kwamba dawa imeisha dukani, itakuja nyingine. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba haikuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitafuta mpaka mwisho, akahesabu bila kujidanganya, akasema hii inafanya kazi na hii haifanyi. Ndiyo maana nimekaa chumba chenye friji linalonguruma. Huruma ulikuwa nayo wewe ya kutosha mji mzima, na haikumponya. Nakupenda na nasema hivyo.

Nimekukosea adabu, nisamehe. Lakini sijakukosea. Na nina imani na hii dawa, na nina imani na wewe pia hata ukiwa umenuna.

Mwanao

* * *

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu kwa meno yake manne. Mdogo wako amefeli kwa kwenda polepole mno, mkaguzi alishuka akatembea.

Najua umekaa karibu miezi mitatu ukidhani nimekufuta. Sikukufuta. Nilikuacha uchemke kidogo, kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu ulikuwa na haki, na sijui kipi kilinikera zaidi.

Nilikwenda. Jumatatu ileile, saa moja na nusu, kabla yako. Nilikuwa sina nia. Nilikuwa nimeinamia cherehani, Mkasi akaja akazima swichi. Nilikuwa nimemsomea barua yako, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Akasema, "Yule mtoto anaokota pini hata moja haimpiti. Inuka." Akachukua kopo, akatangulia mlangoni. Maneno manane mfululizo, sijawahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mpigo mmoja.

Tuliliweka kopo juu ya meza ya daktari. Alipolifungua akaona kapsuli na kifungo kimoja cha koti kilichotumbukia humo bila sisi kujua, akavua miwani. Nilimweleza kwa kichwa kilichoinuka. Nikamwambia ni mimi niliyefanya, mwenzangu nilimvuta tu. Mkasi akakohoa.

Walituhoji tofauti, kila mtu chumba chake. Kamati ilikaa wiki tatu. Mwanangu, zile wiki tatu nilishona kola kichwa chini. Mwishowe wakaamua hivi: hatutahesabiwa tena kwenye majibu yao, lakini hawatutoi. Kila mtu amepewa chupa mpya ya fungu lake lilelile la mwanzo, na chupa zinakaa kwa nesi. Kila asubuhi tunakwenda, tunasimama mbele yake, tunameza, tunafungua kinywa kama watoto. Kopo wamelichukua kama kielelezo. Nimeshauliza mara nne litarudi lini.

Na hiki ndicho kigumu. Kila asubuhi nameza dawa yangu halisi huku namtazama Mkasi akimeza unga wake. Yeye anaitikia kwa kichwa, anafuta mdomo, anasema "Twende kazini." Mimi njia nzima siongei.

Sasa andika. Andika ndefu.

Shangazi yako

* * *

16 Novemba

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo, moja kwa kila mwezi ulioninyima.

Kwa hiyo mkuu alijua tangu siku ileile kwamba mlikwenda, na hakuniambia neno, kwa sababu hakuruhusiwa. Nimemuuliza leo. Akasema, "Ukuta ni ukuta." Kisha akatabasamu, kitu ambacho hapa huandikwa kwenye kalenda.

Nimerudi kwenye mashine tangu mwanzo wa mwezi. Na kuna jambo ambalo nimeruhusiwa kukuambia. Baada ya kopo lako, kliniki zote sita ziliagizwa kumwuliza kila mtu waziwazi, bila kumtisha: unaishi na mwenzako aliyemo? Mnakula pamoja? Mmewahi kubadilishana? Wamejitokeza mume na mke wanaokula kwenye sahani moja na kumeza kwenye chupa moja, na dada wawili mapacha ambao hata hawakuona kosa. Wameandikwa pembeni kama ninyi. Wasingejulikana, hesabu ingepinda bila mtu kujua ilipopindia. Sasa imenyooka. Hapa ofisini wanakuita Shangazi wa Kopo, na kwenye fomu mpya kuna swali moja ambalo ni lako, ingawa hakuna aliyeandika hivyo.

Kuhusu mwenzako anayemeza unga, siwezi kusema lolote kwa sababu sijui lolote. Majibu yanafunguliwa Januari. Nenda naye kila asubuhi, na njiani ongea naye kidogo, maskini.

Yule niliyemsingizia kuchanganya mirija nilimwomba msamaha kwa kumwachia kiti kizima hadi Krismasi.

Mwanao

* * *

12 Februari

Mwanangu, Bi Hadubini,

Marahaba. Anza na hii: mdogo wako amefaulu. Mkaguzi ni mpya, ametoka mji mwingine, hakuwa na habari.

Najua unayo majibu ya jumla kuliko mimi. Daktari alituambia kwamba kati ya waliomeza dawa zaidi ya nusu ini limelainika, si wote, lakini zaidi ya nusu, na kwa waliomeza unga ni wachache tu. Na kwamba sasa kila aliyekuwemo atapewa dawa yenyewe, wakianza waliomeza unga. Nikapiga vigelegele ndani ya kliniki. Nikasema moyoni, basi, Mkasi naye sasa ataipata.

Kisha akatuita wawili tu, akafungua bahasha. Alianza na yangu. Akasema, "Mama, wewe ulikuwa upande wa unga."

Nikamwambia arudie, ameshika bahasha ya mwenzangu. Akarudia. Nikamwuliza, na viganja vyangu vilivyokuwa vinawaka moto viliwashwa na nini? Akasema mwili una mambo yake. Nesi akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika.

Nikamgeukia Mkasi. Anatazama feni.

"Ulijua?"

"Wiki ya kwanza tu. Tumbo liliniendesha siku tatu, na ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Karatasi ilisema itakuwa hivyo."

"Karatasi gani? Wewe ulisoma ukurasa wa mwisho tu!"

"Ndio uliokuwa na habari ya madhara."

Mwanangu, nilikaa chini. Nikaona asubuhi ile upya, vifungo vikitapakaa, na yeye ananisukumia kopo tupu na kunitazama mpaka nidhani wazo ni langu. Na asubuhi zote zile mbele ya nesi, mimi namhurumia mtu aliyekuwa ananihurumia. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ungekataa. Wewe kutoa unajua, kupokea hujui."

Nililia, sitakuficha, mbele ya nesi na daktari na kopo langu ambalo walikuwa wamenirudishia siku hiyohiyo. Nilimkumbuka kaka yangu. Siku za mwisho alikuwa akinisukumia sahani yake, "Kula wewe, umeshona kutwa," nami nairudisha, kila siku nairudisha. Nilidhani namsaidia. Kumbe na yeye alikuwa na kitu cha kunipa, nikamnyima kukitoa.

Ini la Mkasi limeshuka kutoka kumi na tisa hadi kumi na mbili kwenye ile mashine ya kupima ugumu. Langu lilikuwa kumi na nne, sasa ni kumi na tatu na nusu. Daktari anasema nusu ni ndogo, haimaanishi kitu. Mimi namjua aliyenipa hiyo nusu.

Koti lako limo kwenye kifurushi hiki. Kifungo cha juu ni kile kilichobaki ndani ya kopo, usikibadilishe hata kama hakifanani na vingine. Vifungo vilivyobaki nimevitoa kwenye soksi, vimerudi nyumbani. Dawa yangu, ya kweli safari hii, iko kwenye chupa yake yenye jina langu. Kila asubuhi Mkasi anaifungua, ananihesabia mbili, ananiwekea kiganjani, halafu anasimama palepale na mkasi wake mkononi mpaka nimeze.

Shangazi yako